Kwangu Mtoto Hatembei Peku

Kwangu mtoto hatembei peku. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu la kwanza, na kila mama nilimwambia pale pale mlangoni, kabla sijampokea mtoto: leta soksi, leta viatu. Nyumba yangu ni ya zamani kama nyingi za huku kwetu Majengo, kuta za udongo na sakafu ya saruji, na baridi ya Nairobi hupanda kutoka chini. Asiye na viatu nilikuwa na sanduku la viatu vya mtumba kutoka Gikomba, namtafutia vinavyomtosha. Watu walinicheka. Walisema Bi Nasima anafanya kea yake kama shule ya matajiri. Niliwaambia wacheke mpaka wachoke, lakini katika kea zote za mtaa huu kwangu tu ndiko ambako mtoto hajawahi kukanyaga msumari.

Kea ni mahali mama anapomwacha mtoto alfajiri akaenda kutafuta riziki, akamchukua jioni. Mimi nilikuwa na watoto kumi na wanne katika chumba kimoja, na mlezi ni mimi peke yangu. Sharti langu la pili lilikuwa kwamba kila mtoto anakula chakula alichofungiwa na mamake, wala hapewi cha mwenzake. Usinione mchoyo. Jirani yangu mmoja alimpa mtoto wa watu maharagwe, mtoto akaharisha, na mamake akazunguka mtaa mzima akisema mwanawe karogwa. Tangu siku hiyo niliapa kwamba chakula cha mtoto ni mambo ya mamake.

Kabla ya watoto kazi yangu ilikuwa kupaka hina. Miaka ishirini hakuna bi harusi wa huku aliyeolewa bila mikono yake kupita mikononi mwangu, na nikisema hakuna nazidisha kidogo tu. Magoti yalipoanza kukataa kukunja ndipo nikageukia kulea. Nalitaja hili ili ujue kwamba hina naijua. Najua inavyoshika kwenye ngozi, na najua inavyokwenda kwenye nywele: nywele hukua, rangi husogea mbele, na zinazoota nyuma yake huwa nyeusi. Nililijua hilo miaka ishirini, na mwaka huu nikajifanya silijui.

Rufaida nilimpaka hina mimi mwenyewe siku alipoolewa. Mamake, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki yangu, na ndiyo maana Rufaida huniita shangazi. Anauza nguo za watoto Gikomba. Mumewe Abdurahim ni dereva wa lori la masafa marefu, akitoka leo humwoni hadi mwezi ugeuke. Mtoto wao wa kwanza, Muhiba, nilimpokea akiwa na miezi mitano, na nakwambia yule mtoto alikuwa balaa. Alikuwa akipiga makofi kabla wimbo haujaanza. Akimwona mwenzake analia, anakwenda kumtia kidole mdomoni anyamaze. Mchana wenzake wamelala yeye anatambaa kwenda kwenye rafu ya viatu, anavishusha kimoja kimoja, anavipanga sakafuni, kisha ananiangalia nimsifu. Nilimfokea mara ngapi, sijui. Nilikuwa nikimwambia Rufaida, "Huyu umenizalia mwanajeshi."

Muhiba alikuwa na mwaka na nusu Rufaida alipopata mimba nyingine. Sasa, huku kwetu mama akishika mimba mtoto angali ziwani, akaendelea kumnyonyesha na mtoto akadhoofika, watu husema kabemendwa. Lawama ni ya mama na baba, kwamba hawakuweza kuvumiliana. Ni neno la aibu, halisemwi mbele ya mtu, husemwa akishapita. Rufaida alikuja kwangu akilia. Nikamwambia apake shubiri kwenye chuchu, mtoto atalikataa ziwa mwenyewe, na mambo yaishe kimya kimya. Shubiri nilimpa mimi. Siku tatu Muhiba alilia hadi sauti ikakauka, siku ya nne akaacha.

Kuanzia hapo akawa anafungiwa uji mwepesi wa mahindi wenye sukari, na chai ya rangi na mkate. Siku nyingine chipsi. Rufaida alikuwa anatoka nyumbani giza halijaisha, mimba inamchosha, akifika jioni miguu imekuwa mizito, atapika nini? Mimi nilikuwa naona kila siku kilichomo ndani ya kile kikopo cha pinki. Kwenye jiko langu kulikuwa na sufuria ya ndengu. Lakini sharti ni sharti.

Polepole Muhiba akatulia. Aliacha viatu vikae kwenye rafu. Akawa anaketi ukutani, miguu mbele, viatu vimefungwa vizuri, anatazama wenzake. Wimbo ukianza mikono yake inabaki mapajani. Na mashavu yakajaa! Yalijaa yakang'aa, na mikono ikawa laini laini. Nilifurahi, sikufichi. Mama wengine wakija kuniletea watoto nilikuwa nawaonyesha yeye: mtazameni huyu, mamake ana mimba kubwa na mtoto amenona hivi, nani atasema kitu? Kwa sababu aliyebemendwa hukonda, kila mtu anajua, na huyu alikuwa amenenepa. Nilijivuna pia kwamba nimemfunza adabu.

Nywele zake zilikuwa nyekundu kama kutu. Hilo nalo lilikuwa na jibu. Kabla ya Ramadhani alitoka vidonda kichwani, nikampaka hina nywele zote, maana hina hukausha. Kwa hiyo kila aliyeuliza nilimwambia, "Ni hina yangu hiyo, imeshika kweli kweli." Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, ukaingia mwezi wa Juni, na hina yangu bado imeshika.

Carolyne alikuja Alhamisi asubuhi. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, anaishi Kariobangi, watu wao ni wa Siaya, msichana mwembamba mwenye mkoba wa bluu na sauti ya chini. Alikuwa ametukusanya wenye kea mara mbili kutufunza ulezi. Alisema mtoto huongeleshwa hata kama hajui kujibu, huchezeshwa hata kwa chupa tupu, na mlezi humtazama kila siku kuona kama amebadilika. "Mtoto akiacha kucheza, uliza kwa nini," alisema. Niliitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu. Moyoni nilikuwa nangoja chai.

Siku hiyo alikuja kupima mikono. Ana utepe wenye rangi tatu, anauzungusha mkononi juu ya kiwiko: kijani mtoto mzima, manjano jihadhari, nyekundu hatari. Watoto wangu wakatoka kijani mmoja mmoja, nami nikawa nasimama wima zaidi kila rangi inavyosomwa. Muhiba nilimweka mwisho makusudi, kama mtu anayebakiza nyama mwisho wa sahani. Mkono wake ukatoka kijani, cha mpakani kabisa. Carolyne hakuutoa utepe haraka.

Alichukua chupa yenye punje za maharagwe, akaitikisa mbele ya uso wa mtoto. Muhiba aliitazama. Hakunyoosha mkono.

"Huyu hachezi?"

"Huyu ana adabu."

"Tangu zamani yuko hivi?"

"Zamani alikuwa mtundu," nikasema. "Nimemtuliza."

Carolyne akachuchumaa. "Bi Nasima, naomba nimtoe viatu. Nitabonyeza mguu kwa kidole, nihesabu hadi tatu, niachilie. Nataka tu kuona kama shimo linabaki."

"Shimo la nini?"

"Mtoto anaweza kuvimba kwa kukosa chakula. Uso unajaa, watu wanadhani amenona. Inaitwa kwashakoo."

Nje ya mlango wangu kuna mfereji wa maji, na asubuhi wanawake hupanga mitungi hapo. Nilisikia mazungumzo yao yamekatika. Hapo ndipo damu iliponipanda. Mtoto wa maonyesho yangu, msichana huyu anamwita mwenye njaa mbele ya masikio ya mtaa! Na kesho watasema nini? Watasema mtoto wa Rufaida kabemendwa, na Nasima alikuwa anaficha.

"Hutamvua viatu," nikamwambia. "Sakafu ina baridi. Na kunenepa kwa mtoto wa watu kusikuume."

"Na hizi nywele?"

"Hina. Nimempaka mwenyewe kabla ya Ramadhani."

Aliinamisha kichwa cha mtoto taratibu, akazitenganisha nywele kwa vidole viwili hadi ngozi ikaonekana. "Hina ya kabla ya Ramadhani ingekuwa imesogea huku mbele, mama. Hapa kwenye ngozi zingekuwa zinaota nyeusi. Angalia. Wewe ndiye fundi, nielezee."

Badala ya kueleza nilipiga kelele. Nilimwambia msichana ambaye hajazaa hawezi kunifunza mimi mtoto. Nilimwambia arudi kwao akapime watoto wa kwao. Naona aibu hadi leo kuyataja maneno hayo. Yeye alingoja nimalize. Kisha akatoa daftari, akaandika barua ya kliniki, akapiga muhuri, akanipa.

"Mpe mamake. Aende leo, asingoje kesho. Wakisema mtoto alazwe, asikatae."

Nilichukua ili atoke tu. Barua nikaitia kwenye kopo langu la hina, lile la bati lililo juu ya kabati, nikafunga kifuniko.

Mchana watoto wamelala nilimfuata Muhiba pale ukutani. Sijui kwa nini, labda nilitaka kumtia Carolyne uongoni. Nikafungua mkanda wa kiatu cha kushoto. Kiatu hakikutoka. Nikakivuta kwa nguvu, mtoto akanitazama tu, hata kulia hakulia, na soksi ilipotoka nikaona mkanda umeacha mfereji juu ya mguu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikaachilia.

Shimo lilibaki. Ningeweza kutia punje ya mahindi ikakaa.

Nilijua. Nataka uelewe kwamba saa ile nilijua, kwa hiyo usiniambie kwamba sikusoma au kwamba nilidanganywa na uzee. Na nilichofanya baada ya kujua ni hiki: nilikwenda kwenye sanduku, nikamtafutia viatu vya saizi kubwa zaidi, vyeupe vyenye kifungo, nikamvisha.

Rufaida alikuja saa kumi na moja, mkono kiunoni, mimba imeshuka. Alikaa kizingitini kwangu kupumua. "Shangazi, leo nimefungua belo la mtumba, mgongo umekatika kabisa. Muhiba amekusumbua?"

Ulimi ulifika kwenye meno. Nikamwona alivyochoka. Nikafikiria wale wanawake wa mfereji. Nikafikiria kwamba nikisema, swali la kwanza litakuwa mimi nilikuwa wapi miezi yote hii.

"Hajanisumbua," nikasema. "Kashiba, mashallah."

"Viatu vipya?"

"Anakua."

Akacheka, akambusu mtoto kwenye shavu lile lililojaa, wakaenda. Nilijiambia nitamwambia kesho. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi Carolyne alipita, akasimama mbali kidogo na mlango, kama mtu anayeogopa mbwa.

"Bi Nasima, kliniki hawajamwona yule mtoto. Mamake alienda?"

"Walikwenda kwingine," nikamjibu. "Hospitali kubwa. Wamepewa dawa."

Uso wake ulilegea kwa furaha. Alinishukuru! Akaniambia Mungu anibariki, akavuka mtaro, akaenda zake.

Jioni hiyo Rufaida alishikwa na uchungu. Mumewe alikuwa njiani kuelekea Lodwar, mamake hayupo, kwa hiyo Muhiba aliletwa kwangu kulala. Basi sasa hakukuwa na mama wa kulaumiwa wala kikopo cha pinki. Jumapili nilimpikia mayai, nikampondea ndengu, nikamwekea maziwa. Nilivunja sharti langu lote kwa siku moja. Alikula vijiko viwili, akageuza uso. Mchana akaanza kuharisha. Ngozi ya mapaja ikawa inabanduka ninapomwosha. Nilijiambia Jumapili kliniki imefungwa. Hospitali kubwa haifungwi, na hilo nalo nililijua.

Jumatatu kulipopambazuka alikuwa baridi, macho nusu. Nilimfunga kifuani kwa leso nikakimbia. Sikukumbuka hata ndara, nilikimbia peku kwenye matope na vigae, na watu wa Majengo wakaniona, na ndivyo wanavyolisimulia hadi leo, kwamba Bi Nasima alikimbia peku kwa ajili ya mtoto wa watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanga nyanya aliniombea dua kwa sauti nilipopita.

Muuguzi wa kliniki alimfunua miguu, akabonyeza. "Mama, huyu yuko hivi tangu lini? Hakuna mtu amewahi kuwaambia mumlete?"

"Hakuna," nikasema.

Muhiba alikufa kabla ya saa sita mchana. Rufaida alitoka wodi ya wazazi adhuhuri hiyo hiyo, mtoto wa kiume mkononi, akitabasamu, na alipofika kwenye mlango wa nyumba yao akakuta viatu vingi nje. Sitaki kusimulia alivyolia. Nilikuwepo, na ningali naisikia sauti ile.

Tulikuwa wanawake watatu tuliomwosha. Mimi nilishika upande wa miguu. Alama ya mkanda wa kiatu ilikuwa ingali juu ya mguu wa kushoto, imezama, na maji yalikuwa yanatuama humo ninapomimina. Bi mmoja mkubwa aliyekuwa upande wa kichwa alitikisa kichwa akasema, "Masikini, na alivyokuwa amenona. Ni jicho la watu hili." Mwingine akaitikia. Mimi nikaendelea kumimina maji. Alizikwa alasiri.

Carolyne alikuja siku ya tatu kutoa pole. Alijifunga kitambaa kichwani, akakaa na wanawake, akala pilau kidogo kwa heshima. Aliponiona natoka na sinia akanifuata hadi uani. Hakupandisha sauti.

"Uliniambia wameenda hospitali."

Nikaangalia sinia.

"Ningemleta mimi mwenyewe, Bi Nasima. Ningembeba Jumamosi ile ile. Wapo wanaopona. Mamake anajua kuhusu barua?"

"Hajui."

"Lazima ajue. Kliniki wanajua, wameniuliza, nimewaambia ukweli. Lakini yeye nakuachia wewe. Akimaliza arobaini ya uzazi kama hujamwambia, nitakuja nimwambie."

Siku arobaini ni nyingi kwa mwenye kungoja mazuri. Kwangu zilikwenda mbio. Watoto tisa kati ya kumi na wanne waliendelea kuja; mama zao walikuwa wamesikia nilivyokimbia peku. Kila asubuhi niliwavua viatu wote, nikabonyeza miguu tisa mara mbili, nikahesabu. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wanainua miguu wenyewe, wakicheka. Ndengu sasa nawapikia wote sufuria moja. Nafanya yote aliyotufunza yule msichana, hata kuongea na wasiojua kuongea, na kila ninapofanya naona lilivyokuwa jambo dogo.

Rufaida alikuja siku ya arobaini na moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Julai imeshika. Mtoto alikuwa amefungwa shali, soksi za kufumwa miguuni.

"Asalaam aleikum, shangazi."

"Waaleikum salaam. Ingia mwanangu, kuna baridi."

Hakuingia. "Huyu ndiye Junaid. Nimekuja kumwacha kwako. Pale pangu sokoni kuna mtu ameshaanza kuweka nguo zake, nikikaa wiki nyingine sitapapata tena. Nitarudi saa sita nimnyonyeshe, na saa tisa tena." Akanitazama kwa macho yaliyochoka. "Watu wameniambia nijaribu ile kea ya huko juu. Nikawaambia siwezi. Shangazi alimkimbiza mwanangu peku. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Alinyoosha mikono kunipa mtoto.

Sikumpokea. Niliwaacha hapo, nikapanda kiti, nikashusha kopo la hina. Barua ilikuwa na unga wa kijani kwenye mikunjo. Nikampa. Yeye anajua kusoma vizuri, alifika kidato cha nne. Nilimsimulia huku anasoma, kwa haraka, kama mtu anayetapika: Carolyne, utepe, nywele, mfereji. Nikamwambia nilivyomfukuza. Nikamwambia nilivyomdanganya Jumamosi.

"Hii imeandikwa Alhamisi," Rufaida akasema.

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa nafungua belo." Alikuwa anaongea na karatasi. "Ningeliacha. Shangazi, si ningeliacha tu?"

"Najua."

"Miguu yake uliiona?"

"Niliiona. Nilibonyeza, shimo likabaki."

"Ukafanya nini?"

Hapo ndipo nilipotaka kudanganya kuliko siku zote za maisha yangu. "Nikambadilishia viatu," nikasema.

Aliinua macho akatazama rafu. Vile vyeupe vyenye kifungo vilikuwa hapo, vilirudishwa pamoja na nguo zake. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, nilijua kelele zote za moyoni mwangu zingeishia kwenye kofi lile. Hakunipiga. Alikunja barua kama ilivyokuwa, akaitia kifuani, akamfunika mtoto uso, akageuka akaenda.

Nilimtazama hadi kwenye kona ya msikiti. Alisimama hapo. Wanawake wa Gikomba walikuwa wanampita wakiwa na mizigo yao kichwani, mmoja akamsalimia akamwonyesha saa kwenye simu. Alisimama muda mrefu, bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kisha akarudi.

"Ile kea ya huko juu ina watoto wangapi?"

"Nasikia arobaini. Na msichana mmoja."

"Anawabonyeza miguu?"

"Sidhani."

Alinitazama kwa chuki safi, na sikuinamisha uso, maana hiyo ilikuwa haki yake. "Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Usidhani nikikuachia ni kwamba nimekusamehe. Sina pengine."

Akakaa kizingitini, pale pale alipokaa Alhamisi ile. Akamlaza mtoto mapajani, akavuta soksi ya kwanza ya kufumwa, kisha ya pili, akazitia kwenye mfuko wake. Nyayo za Junaid zilikuwa ndogo, zimekunjamana, na vidole vikajikunja kwa ile baridi.

"Huyu usimvishe viatu," akasema. "Wala soksi. Nataka nikija nimwone miguu kutoka mlangoni."

Nikampokea. Akaenda mbio kuwahi soko.

Saa sita alirudi. Hakunisalimia. Kabla hajakaa, kabla hajafungua kifungo cha kanzu yake, aliushika mguu wa mtoto, akaubonyeza kwa kidole gumba, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na muda wote huo hakuutazama ule mguu, alikuwa ananitazama mimi.